Bunduki ya wenzo kwa kunyatia kulungu msituni: kaliba gani, risasi ipi?

MnyatiaPole

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma nyuzi za humu kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo nina jambo langu, naomba mnisaidie.

Nina ruhusa ya kuwinda kwenye msitu mmoja England: mialoni ya zamani, kipande cha misonobari, na katikati vichaka vya miiba vinavyofika kiunoni. Wamo kulungu wadogo waitwao roe na muntijaki, na mara mojamoja falo, ambao ni wakubwa zaidi, hupita wakielekea mashambani. (Kulungu ninaowasema hapa ni hawa ambao madume yao huangusha pembe kila mwaka na kuotesha mpya, tusichanganyane na wengine wenye jina hilo.) Kwa miaka minne nimetumia bunduki ya bolti (ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya mlio) ya kaliba .308, yenye mtutu mrefu, sailensa mbele na darubini kubwa juu. Haijawahi kuniangusha. Lakini kunyatia nayo humo ndani ni kama kupita mlangoni na ngazi begani. Inanasa kila tawi, na tawi likitikisika roe ameshaondoka.

Nimepitia daftari langu. Kati ya kulungu 31 niliowapata, 26 niliwapiga ndani ya mita 90. Wa mbali kuliko wote alikuwa mita 140, naye alikuwa nje kabisa ukingoni mwa shamba.

Juzi rafiki alinipa nishike Marlin 336 yake ya kaliba .30-30, bunduki ya wenzo, yaani ile unayoingiza risasi kwa kuzungusha mpini ulio chini ya kifyatulio. Ni fupi, bapa, unaibeba kwa mkono mmoja bila kuelemewa upande wowote. Tangu siku hiyo sina utulivu. Nataka bunduki ya wenzo. Kaliba gani, risasi gani, na kuna mambo gani ambayo mtu aliyezoea bolti hayajui mpaka yamkute?

Kichaka88

Mkuu, chukua .45-70, usiumize kichwa. Kile kichwa kizito (kipande cha mbele cha risasi kinachoruka) kinapita vichakani kama hakuna kitu. Hiyo .30-30 kijiti kimoja tu kinaipeleka kwingine. Kwa msitu wa miiba kama wako mimi nisingefikiri mara mbili.

MzeeDungu

Kichaka88, mdogo wangu, hapo siwezi kunyamaza. Maneno hayohayo niliyaamini nikiwa kijana, na aliyeyalipia ni mnyama, si mimi.

Ilikuwa .45-70, kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), roe dume mita 45 hivi, amesimama ubavu. Mbele yake, kama mita mbili, kulikuwa na vijiti vyembamba vya unene wa penseli. Nikajiambia risasi hii itavipita tu. Ilimpiga tumboni, nyuma kabisa ya pale nilipolenga. Tulimpata baada ya saa tatu kwa msaada wa mbwa wa jirani. Mpaka leo nikiona kijiti mbele ya mnyama, namkumbuka yule.

Risasi ya kupasua kichaka haipo. Kichwa kinakwenda sawa kwa sababu kinazunguka. Kikigusa kitu huyumba, na kadiri kijiti kinavyokuwa mbali na mnyama ndivyo kosa linavyozidi kukua njiani. Kizito huenda kikayumba kidogo kuliko chepesi, lakini hicho "kidogo" hukijui kabla ya kufyatua. Kama njia si safi, subiri apige hatua moja. Asipoipiga, rudi nyumbani.

Sasa wewe Mnyatia. Umeanza na bunduki, na wengi huanza hapo kwa sababu bunduki za wenzo zinavutia macho na mkono. Geuza. Anza na risasi: inayokubaliwa na sheria ya pale unapowinda, utakayoipata mwaka baada ya mwaka, na inayoua vizuri kwenye umbali wa daftari lako. Ukishaijua hiyo, bunduki zinazobaki mezani ni chache sana.

Kwa England na Wales, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka kaliba isiyopungua inchi .240 na nishati isiyopungua jouli 2,305 mdomoni mwa mtutu, na kichwa kiwe laini au chenye tundu, yaani kinachotanuka kikiingia. Kwa muntijaki na kulungu-maji wa China kiwango ni kidogo: inchi .220, jouli 1,356, kichwa kisichopungua greni 50. Lakini msitu wako una roe na falo, kwa hiyo hesabu yako ni ile ya kwanza.

Sasa angalia .30-30. Imekuwepo tangu 1895. Risasi ya kawaida ya greni 150 hutoka kwa futi 2,390 kwa sekunde, yaani mita 728, na nishati ya jouli 2,570 hivi. Ya greni 170 ni futi 2,200, jouli 2,470 hivi. Zote zinapita England, ila hazina ziada kubwa. Na takwimu hizo hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, wakati Marlin na Winchester nyingi zina inchi 20. Toa kidogo.

Ukivuka mpaka kuingia Scotland mambo yanageuka. Kule amri ya 1985 inataka kasi isiyopungua futi 2,450 kwa sekunde, yaani mita 747, kwa kulungu wote, hata roe. Kwa wakubwa kuna pia nishati ya futi-pauni 1,750 (jouli 2,370 hivi) na kichwa cha greni 100, kilichoshushwa hadi greni 80 mwaka 2023 ili vichwa vyepesi vya shaba viingie. Kwa hiyo .30-30 ya kawaida ni halali upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili si halali hata kwa roe mdogo. Na hiyo .45-70 ya mdogo wangu, pamoja na nguvu zake zote, kwa kasi haifiki kabisa.

Je, unawinda Scotland? Jibu swali hilo kwanza.

MnyatiaPole

Mzee, shikamoo, na asante sana. Hilo la kasi sikulijua kabisa; nilidhani nikiwa na nishati ya kutosha nimemaliza. Scotland sijawahi kwenda kuwinda na sina mpango. Msitu wangu ni huo mmoja.

FundiMtutu

Kama ndivyo, .30-30 inabaki mezani. Niongezee kaliba nyingine ambazo watu huuliza, kisha nije kwenye bunduki zenyewe maana hapo ndipo mikono yangu ilipo.

.44 Magnum: nyepesi, fupi, tamu kutumia. Lakini ile risasi ya kawaida ya greni 240, kutoka mtutu wa bunduki ndefu, hutoa jouli 2,240 hivi. Haifiki 2,305. Zipo zinazopita, lakini kwa nafasi ndogo mno, na mtutu mfupi unaweza kuila nafasi hiyo yote. .357 Magnum haifiki hata kwa mbali kwa roe. Kwa England ni ya muntijaki tu, nayo uipime kwanza. Sipendi kumshauri mtu silaha inayomlazimu kumtambua mnyama kwa spishi jioni ya giza ndipo ajue kama ana ruhusa ya kufyatua.

.35 Remington ya 1906 ni nzuri sana msituni, greni 200 kwa mita 634 kwa sekunde. Tatizo ni kuipata. Marlin walitengeneza 336 nyingi za kaliba hii, lakini ukiinunua leo utakuwa mtu wa kuhangaikia risasi kila msimu.

Kisha kuna njia nyingine kabisa: Browning BLR. Hii ni ya wenzo lakini ndani ina bolti inayozunguka na kujifunga kama bolti za kawaida, na magazini yake (pale risasi za akiba zinapokaa) ni ya sanduku, inachomoka. Unaipata kwa .308 na .243. Maana yake unatumia vichwa vyenye ncha kali, unapita masharti ya Scotland, na risasi zako za sasa zinaendelea kutumika. Savage 99 ya zamani nayo ilifanya hivyo kwa magazini ya kuzunguka, na Winchester 88 ikafuata mwaka 1955. Nyingine zinapatikana mkononi mwa watu, ila kagua vizuri mtutu na chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa).

Kwa akili tu, Mnyatia, jibu lako ni BLR ya .308. Lakini naona umeandika kwamba Marlin ilikukaa mkononi. Hilo nalo lina uzito. Bunduki unayoinua bila kufikiri ndiyo inayokupa ile nusu sekunde muntijaki anaposimama njiani.

BintiMsasi

Kaka Mnyatia, uliuliza mambo ambayo mtu wa bolti hayajui. Ngoja niseme mawili, na yote ni ya usalama.

La kwanza ni magazini ya bomba. Risasi hukaa kwa msululu chini ya mtutu, kichwa cha ya nyuma kikigusa kitako cha ya mbele, na katikati ya kitako hicho ndipo palipo fataki, ile inayowasha baruti. Bunduki ikipiga teke, msululu mzima unagongana. Kama kichwa kina ncha kali na ngumu, kinaweza kuigonga fataki ya mbele na kuifyatua ndani ya bomba, sentimita chache kutoka mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana vichwa vya .30-30 ni bapa au butu. Katikati ya miaka ya 2000 watengeneza risasi Hornady walileta risasi ya LEVERevolution, yenye ncha ya mpira laini unaobonyea, na hizo ni salama kwenye bomba. Ncha ngumu ya plastiki kama ya risasi zako za .308 ni kitu tofauti kabisa. Usije ukasikia mtu anajaza mwenyewe maganda ya .30-30 kwa vichwa vya aina hiyo ukamwomba akuuzie.

La pili ni kuondoa risasi. Bolti yako unachomoa magazini, unavuta bolti, umemaliza. Kwenye Marlin na Winchester 94 lazima upitishe kila risasi chembani na kuitoa nje, moja baada ya nyingine, kwa wenzo. Maana yake kila mara unaporuka ua au unapopanda dungu, unacheza na risasi hai kwenye chemba mara tano au sita, vidole vikiwa na baridi. Fanya hivi: mtutu uelekee ardhini mahali salama, kidole mbali na kifyatulio, na hesabu. Uliingiza nne, lazima nne ziwe mkononi. Ukihesabu tatu, hujamaliza. Mimi siingizi zaidi ya nne hata kama bomba linabeba sita, kwa sababu hiyo tu.

Bunduki ya wenzo ya Henry kwa hili ni rahisi zaidi, kwa sababu bomba la ndani linachomolewa kwa mbele na risasi zinamwagika zote. Inabaki ile ya chembani tu.

Na nyundo, ile ya nyuma inayogonga ili risasi ifyatuke. Msiipuuze. Kuishusha nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi hai, kidole kikiwa na jasho au glavu, ndiko ajali za bunduki hizi zinakotoka. Mimi hutembea chemba ikiwa tupu. Nikifika mahali pa kusimama, au nikiona dalili, nazungusha wenzo taratibu lakini mpaka mwisho. Ukiuvuta nusu risasi inakwama, na hapo utapiga kelele kuliko ungeuvuta kwa nguvu.

Kichaka88

Mzee Dungu, nimekuelewa, na asante kwa kunisahihisha bila kunivunja. Nilikuwa narudia nilichosikia.

Swali kwa wote: mbona kuna mtu aliniambia bunduki za wenzo zilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2019?

FundiMtutu

Amechanganya majina, na wengi wanachanganya. Sheria ya 2019 iligusa bunduki ambazo gesi ya baruti ndiyo inatoa ganda lililotumika, kisha mtu anabonyeza kiwenzo kidogo ili bolti irudi mbele. Hizo zilikuwa karibu sana na bunduki za kujiendesha. Ya wenzo tunayoizungumzia hapa haifanyi chochote yenyewe. Mkono wako ndio unaotoa ganda na mkono wako ndio unaoingiza risasi nyingine. Inaingia kwenye cheti cha kawaida cha silaha, kaliba ikiwa imeandikwa humo pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Mnyatia, kwa kuwa unabadili kaliba, omba mabadiliko ya cheti kabla hujamlipa mtu chochote.

Nirudi kwenye bunduki. Tofauti ya Winchester 94 na Marlin 336 si jina tu. Winchester 94, kazi ya mbunifu wa bunduki John Browning, kwa asili hutupa maganda juu, kwa hiyo darubini haikai vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibadilisha ikaanza kutupa kwa pembeni. Kama unapenda ya zamani, kubali kutumia shabaha za chuma (za kulengea bila darubini). Marlin 336, iliyotoka 1948, ina paa zima la chuma na hutupa maganda ubavuni, darubini inakaa chini na katikati. Kusafisha pia: Marlin unalegeza skrubu moja ya wenzo, bolti inatoka kwa nyuma, unapitisha ufito kuanzia chembani. Winchester karibu kila mara unasafisha kuanzia mdomoni, na ukisugua vibaya unaharibu ule ukingo wa mdomo wa mtutu ambao usahihi wote unautegemea.

Ukiweka darubini, ongeza kile kipande cha pembeni cha nyundo. Bila hicho kidole gumba hakipati nafasi chini ya darubini, na hapo ndipo nyundo huteleza.

Kitu kingine ambacho bolti haikukufundisha: bomba na pete zake zimeshikamana na mtutu. Mtutu ukipata joto, risasi zinaanza kuhama. Usiihukumu bunduki hii kwa kundi la risasi kumi. Piga tatu, iache ipoe kabisa, kisha tatu nyingine. Kulungu hukutana na risasi ya kwanza ya mtutu baridi, basi hiyo ndiyo uijue. Na kwenye fimbo za kupigia, egemeza ubao wa mbele, usiegemeze mtutu wala bomba.

MnyatiaPole

Mnanifundisha mengi. Niulize kuhusu darubini na kuhusu shaba. Serikali ilitangaza Julai 2025 kwamba inakwenda kuzuia risasi zenye madini ya risasi kwenye uwindaji (lugha yetu hapa inanichanganya, risasi ya risasi!), na kuna kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Sioni maana ya kununua bunduki ya risasi ambazo nitaziacha. Je, .30-30 ina vichwa vya shaba vinavyofanya kazi?

MzeeDungu

Umeuliza swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza kwa kila anayenunua bunduki leo.

Ipo. Hornady wana kichwa cha shaba cha greni 140 chenye ile ncha laini, na kwenye karatasi kinatoka kwa futi 2,465, yaani mita 751. Utaona kinapita hata kile kiwango cha Scotland. Lakini mimi nilikipima kwa kipima kasi kutoka mtutu wa inchi 20 nikapata wastani wa mita 731. Kwa karatasi ningekuwa halali Scotland. Kwa mtutu wangu, hapana. Sheria inaangalia kinachotoka kwenye bunduki yako, haiangalii kilichochapwa kwenye boksi. Kwa England nishati yake inabaki juu ya jouli 2,400, hakuna shida.

Shaba haifanyi kazi kama madini ya risasi. Haimeguki vipande, inafunguka kama ua na kupita moja kwa moja. Mnyama anaweza kukimbia mita 30 au 50 kabla ya kuanguka hata kama umempiga vizuri, na watu hudhani wamekosa. Hujakosa. Nenda pale aliposimama, tafuta nywele na damu, weka alama, mpe dakika 15, kisha fuata. Kwa sababu inahitaji kasi ili ifunguke, isogeze shabaha yako mbele kidogo, karibu na bega, usipige nyuma sana kwenye mapafu. Nyama haiharibiki sana, hilo utalifurahia ukiwa jikoni.

Na jambo la msitu: shaba hubaki nzima, basi ikimpita mnyama bado ina nguvu. Mti si ngome. Lazima nyuma yake pawe na udongo, na ndiyo maana mimi napenda dungu. Ukiwa juu mita tatu, risasi inaingia ardhini hatua chache nyuma yake. Ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare ndani ya msitu, mara nyingi huna udongo wowote unaouona, na hapo hufyatui hata kama dume ni wa ndoto zako.

FundiMtutu

Darubini: usihamishe ile kubwa. Chukua ya mara 1 hadi 4 yenye kioo cha milimita 24. Watu wanaogopa kwamba kioo kidogo hakioni jioni. Gawanya: 24 kwa 4 ni 6. Mwanga unaokufikia ni mduara wa milimita 6, na mboni ya jicho la mtu mzima gizani ni karibu hiyohiyo. Punguza hadi mara 3 unapata 8, zaidi ya jicho linavyoweza kupokea. England unaruhusiwa kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama, kwa hiyo dakika za mwisho unazihitaji kweli. Shabaha ya chuma ya tundu ni ya haraka mno mchana, lakini chini ya misonobari itakuwa imekufa nusu saa kabla ya macho yako.

Kuweka sufuri, yaani kurekebisha darubini ili risasi ipige pale pale unapolenga kwa umbali fulani: kwa daftari lako weka mita 80. Kwa darubini iliyokaa sentimita 4 au 5 juu ya mtutu, mita 100 risasi itakuwa chini kama sentimita moja na nusu, mita 120 kama nne. Ndani ya hapo hulengi juu wala chini, unalenga mnyama tu. Lakini kariri hili: mita 20 risasi inapita sentimita 2 chini ya alama. Kwa roe si kitu. Kwa muntijaki aliyejitokeza miguuni mwako, akiwa na kifua kidogo, sentimita 2 ni kitu. Na mita 200 sahau. Kwa sufuri ya mita 100 tu .30-30 ya kichwa bapa imeshashuka zaidi ya sentimita 20 pale.

Ukinunua risasi, chukua za kundi moja la kiwandani kwa kadiri cheti kinavyoruhusu, na ujaribu aina mbili tatu kwanza. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Hiyo haina hesabu, ni kujaribu tu.

BintiMsasi

Nyongeza kwa dada zangu na wenye mikono mifupi wanaosoma kimya: wenzo ni rafiki kwetu. .30-30 ina teke dogo kuliko .308 ya bunduki nyepesi, na kitako cha Marlin si kirefu kupita kiasi. Ila usiwaze kulala kifudifudi. Wenzo utagonga ardhi. Piga ukiwa umekaa, umepiga goti, au kwenye fimbo. Fanya mazoezi ya kuzungusha wenzo bila kuondoa shavu kwenye kitako, kwa risasi bandia, nyumbani, mpaka fimbo zisitikisike. Mimi ilinichukua wiki nzima.

MnyatiaPole *(miezi mitatu baadaye)*

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

BLR niliishika mara mbili. Ni bunduki ya akili, sina neno baya juu yake, na Fundi alikuwa sahihi kwa kila alichosema. Lakini nilipoiinua macho yangu yalitafuta darubini. Nilipoinua Marlin, darubini ilikuwa imeshafika. Nimechukua 336 ya .30-30, mtutu inchi 20, nikafunga darubini ya 1 hadi 4 na kipande cha nyundo. Cheti kilibadilishwa kwanza. Ile .308 sijaiuza, ikitokea siku nikaalikwa Scotland, ndiyo itakayokwenda.

Nilijaribu risasi tatu. Ya greni 170 ya kichwa bapa ilitawanyika sentimita 7 kwenye mita 80. Ya greni 160 yenye ncha laini ilikaa ndani ya sentimita 4. Ya shaba ya greni 140 ilianza vibaya, nikakata tamaa, kisha nikasafisha mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikarudia. Sentimita 4 na nusu, mtutu baridi, siku tatu tofauti. Nimebaki na shaba.

Wiki ya kwanza niliona roe jike mara mbili na sikufyatua. Mara ya kwanza kulikuwa na vijiti mbele yake, nikamkumbuka yule wa Mzee. Mara ya pili alikuwa juu ya kilima kidogo na nyuma yake nilikuwa naona anga tu.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilikuwa nimeegemea mwaloni kwenye njia ya misonobari. Akatoka mita 55, akasimama ubavu, nyuma yake mteremko wa udongo. Nilizungusha wenzo taratibu mpaka mwisho kama dada alivyosema, hakuinua hata kichwa. Baada ya mlio akakimbia, nami moyo ukaenda mbio nikidhani nimeharibu. Nikasubiri zile dakika 15 kwa shida sana. Alikuwa amelala mita 35 ndani ya miiba, risasi ilipita juu ya moyo.

MzeeDungu

Hongera sana kijana wangu. Sasa niambie: ulipotoka pale kurudi, kuna ua kati ya misonobari na shamba, bila shaka. Bunduki ilivukaje?

MnyatiaPole

Nilisimama kabla ya ua, Mzee. Mtutu ardhini, nikazungusha mpaka hakuna kilichotoka, kisha nikachungulia chemba na bomba. Asubuhi niliingiza nne. Moja ilitumika, tatu zilikuwa mkononi.

BintiMsasi

Na ganda?

MnyatiaPole

Nililiokota, dada. Liko mezani hapa mbele yangu.